Kifungo Kilichokatwa

Jumapili, 2 Februari
Asubuhi: mawingu mazito, upepo hakuna. Mvua ilitishia tu.

Kaka,

Shikamoo. Huku tuko salama. Fulana nzito uliyotuma imefika. Mama aliigeuza ndani nje, akakagua mishono, akasema aliyeishona alikuwa anakimbilia nyumbani. Bati la jikoni limezibwa. Paka wa jirani amezalia ndani ya kapu la vitambaa na Mama amekataa nimtoe. Kazi yangu ni ile ile: nyumba kwa nyumba nasoma mita za maji na kutukanwa kwa bili nisizozipanga mimi.

Nilijaribu tena kumshawishi Mama aongee nawe kwa simu. Jibu ni lile lile: “Sauti zisizo na mwili ninazo za kutosha.” Basi tuendelee na karatasi.

Sasa lililonifanya niandike. Vifungo haji tena. Hukuwahi kuonana naye, lakini nimekutajia mara nyingi: nesi wa afya ya akili wa kituo cha mtaa, aliyekuwa akija hapa kila mwezi kumchoma Mama sindano tangu alipotoka hospitali kuu. Jina hilo alipewa na Mama, kwa kuwa kila alipokuja alileta nguo yenye kifungo kilichotoka. Mama alikishona, yeye akikaa kwenye kigoda akimtazama mikono: kama inatetemeka, kama uzi unaingia tunduni bila shida, kama Mama anasita katikati ya kazi kusikiliza kitu ambacho sisi hatukisikii. Baada ya hapo ndipo sindano. “Yangu kwanza, yako baadaye,” Mama humwambia. Hawakuwahi kubishana.

Alhamisi alikuja mwingine. Kituoni wamesema Vifungo amehamishiwa kituo cha mbali na alitakiwa aripoti mara moja. Huyu mgeni alikaa, akatoa kalamu, akauliza, “Mama, ugonjwa ulianza lini?”

“Kabla hujazaliwa,” Mama akamjibu, akarudi kwenye cherehani. Mgeni aliondoka na sindano yake.

Mama aliniuliza Vifungo yuko wapi. Nikasema yuko likizo. Sikujua niseme nini, na neno hilo ndilo lililokuwa karibu.

Unajua ninachoogopa. Dawa ilipokatika mara ile walimpeleka hospitali kuu, na aliporudi alikaa mwaka mzima mbele ya cherehani asijue uzi unapita wapi. Sitaki kuliona hilo tena.

Unakuja lini?

Mdogo wako

*

20 Februari

(Karatasi hii msomee Mama.)

Mama, shikamoo. Mwanao ni mzima, nakula na nalala. Fulana ile kweli ilishonwa kwa haraka, nilijua tu utaikamata. Huku ghalani hatujui jua wala mvua, ni baridi ya mashine kutwa kucha, na maboksi ya nyama yamepangwa mpaka darini. Tuna msimamizi tunayemwita Friji, kwa sababu ukimfungua taa inawaka lakini ndani hamna kitu. Msalimie paka mzazi. Nasikia amepata nyumba bila kulipa kodi.

(Hii ni yako peke yako.)

Mdogo wangu, marahaba. Nimeelewa. Hapo kwenye likizo hukukosea, litatupa muda. Piga moyo konde. Hao manesi wapya usiwaache waingie mikono mitupu. Mwahi langoni, mweleze nesi kuhusu Mama kabla hajakaa. Mimi ningefanya hivyo kama ningekuwa hapo. Simu zetu zinakusanywa mlangoni tukiingia zamu, na nikitoka wewe umeshalala, la sivyo ningewapigia hao wa kituo mwenyewe.

Asante kwa taarifa ya hali ya hewa. Ungeajiriwa redioni ungetusaidia wengi.

Kaka yako

*

Jumapili, 16 Machi
Asubuhi: jua kali tangu mapema. Vumbi.

Kaka,

Shikamoo. Barua yako nilimsomea Mama, akacheka mahali pa Friji, kisha akaniomba nirudie. Paka amehamisha watoto wake, hatujui wapi. Nimepewa mitaa ya juu kuongeza kwenye yangu kwa sababu mwenzangu ameacha kazi. Miguu inauma jioni, asubuhi inaacha.

Nesi wa mwezi huu hakuwa yule wa mara iliyopita. Nilimngoja langoni kama ulivyosema. Nilimweleza yote: kifungo kwanza, sindano baadaye, asiulize ilianza lini. Akaitikia kwa kichwa. Alipokaa akatoa kile kibao chao cha kuandikia chenye kioo, akasema mfumo haumruhusu kuendelea bila kujaza mwanzo. “Mama, ulianza kusikia sauti ukiwa na umri gani?”

Mama akamtazama. “Aliyekuja mara iliyopita hukumuuliza?”

“Yule yuko timu nyingine, Mama.”

“Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe,” Mama akasema. “Ninyi hata siku ya jembe hamfiki.”

Nesi alicheka. Mama pia alicheka kidogo. Lakini mkono hakutoa.

Kituoni nimeambiwa hivi: akikataa mara nyingine wataandika kwamba mgonjwa amekataa huduma, na jalada lake litafungwa. Baada ya hapo, hali ikibadilika, ni gari la hospitali kuu. Mama mwenyewe hajabadilika sana. Anashona. Ila juzi nilimwona amesimamisha gurudumu la cherehani kwa kiganja, ameinamisha kichwa, na alikaa hivyo mpaka chai ikapoa. Anauliza, “Hiyo likizo haina mwisho?” Nasema bado.

Nilikuuliza unakuja lini. Hukujibu.

Mdogo wako

*

2 Aprili

(Ya Mama.)

Mama, shikamoo. Mwanao mzima. Friji ameanguka kwenye barafu mbele ya mkubwa wake, tukamwinua kwa heshima zote, kisha tukaenda stoo kucheka. Nikija nitakuletea uzi mzuri wa huku, wa rangi zote.

(Yako.)

Mdogo wangu, nimelifikiria sana hili na nadhani dawa yake ni rahisi. Mama hamkatai nesi, anakataa nesi asiye na kifungo. Basi atakayekuja mwezi huu, mwambie aje na shati lililotoka kifungo, kama alivyofanya Vifungo. Kama hana, akikate mwenyewe, kifungo ni nini? Akae kwenye kile kigoda, asiseme mengi. Mama atashona, atachomwa, jalada halitafungwa, na sisi tutapumua. Mficha maradhi kifo humuumbua, lakini sisi hatufichi maradhi, tunaficha kifungo kimoja tu.

Nijulishe.

Kaka yako

*

Jumamosi, 26 Aprili
Asubuhi: mvua ndogo, ikakatika kabla sijatoka.

Kaka,

Shikamoo. Natumaini uko salama. Karatasi hii ni yako. Mama sikumwandikia ya kwake, na utaelewa kwa nini.

Nesi wa mwezi huu ni mwanamume, mpole, anabeba begi kubwa kuliko kazi yake. Mama alimchungulia dirishani akambatiza Mkoba. Nilikuwa nimeshapewa namba yake kituoni na kumpigia simu siku moja kabla, nikamwambia mambo ya shati. Alisema, “Dada, nina shati zima tu.” Nikamwambia akate. Langoni akanionyesha shati jeupe, limekunjwa vizuri, kifungo kiko mfukoni. Nikamwambia asante.

Ilianza vizuri. Mama aliona shati, akavuta kigoda kwa mguu kumpa Mkoba akae. Akavaa miwani. Nilikuwa mlangoni nikajiona napumua.

“Kifungo kimetoka lini?” akauliza.

“Jana, Mama.”

“Kimetoka au kimekatwa?”

Mama akalisogeza shati kwenye mwanga. “Uzi uliochoka hukatika kidogo kidogo, unabaki na manyoya. Huu umekatwa kwa wembe, kwa mkupuo. Nimeshona tangu nikiwa binti. Nani amekutuma?”

Mkoba alinitazama. Alinitazama mara moja tu, na ikatosha.

“Aa,” Mama akasema. “Hata wewe.”

Hakupiga kelele. Alilikunja lile shati kama lilivyokuja, akampa, akamwambia kwaheri mwanangu. Kisha akaingia chumbani akafunga kwa komeo.

Nilikaa jikoni. Nilifikiria jambo moja tu: miaka yote ugonjwa wake unamwambia kwamba watu wanapanga njama nyuma yake, na miaka yote tumemwambia hakuna njama. Halafu tukapanga.

Sikulaumu. Nakueleza tu ilivyokwenda. Niambie tufanye nini.

Mdogo wako

*

Jumapili, 25 Mei
Asubuhi: ukungu. Uliondoka kwenye saa tatu.

Kaka,

Shikamoo. Sijapata jibu la barua ya Aprili. Pengine posta. Mimi mzima.

Mama hali sana na halali. Ametoa vifungo vyote ndani ya nyumba. Alianza na nguo za wateja, akaja kwenye zake, kisha zangu. Anakitazama kila kimoja uzi wake ulivyokatika, halafu anakitumbukiza kwenye kopo. Baada ya vifungo akaingia kwenye pindo. Nilimuuliza anatafuta nini. “Kikulacho ki nguoni mwako,” akasema, bila hasira, kama mtu anayekuelekeza njia. Wateja wamekuja kuchukua vitambaa vyao. Mmoja alichukua gauni katika vipande, akaniambia pole, akaondoka haraka.

Naenda kazini nimefunga blauzi kwa pini.

Usiku naisikia cherehani inazunguka bila kitambaa. Siku hizi hainiamshi, maana huwa niko macho. Kazini natazama namba kwenye mita, naandika, nikifika lango la pili sikumbuki kama niliandika. Nikifungua daftari, zimo, na ni sahihi. Nilidhani ningelia wiki hizi. Silii. Ni kama mkono uliolaliwa: unauona ni wako, ukiuminya hausikii.

Kituoni wamesema kutoka sasa ni gari. Daktari ametaka nikubali nisaini apelekwe. Nimeomba mwezi mmoja. Nilipotoka nilimkuta Mkoba kwenye ngazi, anakula mkate. Akaniuliza, “Mama yukoje?” Nikamweleza. Akauliza kama anaweza kuja ingawa zamu ya mtaa wetu si yake tena. Nikamjibu, “Ukija, usije na shati.” Sikusema kwa ubaya. Sikuwa na nguvu ya kusema kwa ubaya.

Unakuja lini? Nauliza kwa mara ya mwisho, si kwa kununa. Nataka tu kujua niseme nini akiniuliza.

Mdogo wako

*

9 Juni

Mdogo wangu,

Marahaba. Barua zako mbili nimezipata kwa pamoja. Samahani kwa mwandiko, mkono una baridi kidogo. Shati lilikuwa wazo langu, kosa uliweke kwangu. Kama ni lazima aende hospitali, aende. Kutoka huku sina la kuongeza. Friji amehamishwa, tumeletewa mwingine ambaye bado hatujampa jina. Msalimie Mama.

Kaka yako

*

Jumatano, 2 Julai
Asubuhi: baridi, anga safi. Umande ulikuwa mwingi hata kamba ya nguo ilikuwa inadondosha.

Kaka,

Shikamoo. Leo sikwenda kazini. Nilisema naumwa, na walivyonitazama hawakubisha.

Barua yako nilimsomea Mama jinsi ilivyo, kwa kuwa ilikuwa karatasi moja. Nitarudi hapo.

Mkoba alikuja leo asubuhi. Alibisha hodi, akakaa nje kwenye ngazi, hakuingia. Begi alikuwa nalo. Mama alikuwa sakafuni kati ya vipande vya lile koti lako la zamani. Mkoba akaanza kuongea akiwa pale pale mlangoni.

“Mama, shikamoo. Kile kifungo nilikikata mimi, kwa wembe, kama ulivyosema. Niliambiwa ukiona kifungo utakubali sindano, nikafanya hivyo. Nimekuja kukwambia, basi. Ukitaka niondoke, naondoka.”

Mama aliendelea kufumua. “Nani alikwambia?”

Safari hii Mkoba hakunitazama. Alitazama viatu vyake. Nikaona ni zamu yangu.

“Mimi, Mama,” nikasema. “Mimi na Kaka.”

“Mlijua vipi habari za vifungo?”

“Si nilikuwa naona? Kila mwezi Vifungo alikuja na nguo iliyotoka kifungo.”

Mama akaweka mkasi chini. Akacheka, Kaka, kile kicheko chake kifupi cha puani ambacho sijakisikia tangu barua ya Friji na barafu.

“Iliyotoka! Hakuna hata kimoja kilichotoka. Mwanamke mmoja adondoshe kifungo kila mwezi, anapigana? Vyote alikata yeye. Siku ya kwanza alikaa hapo, akanipa blauzi, akasema, ‘Mama, hiki nimekikata mwenyewe nyumbani. Nataka nione mikono yako inavyofanya kazi, maana nikikuuliza hali yako utaniambia hujambo.’ Nikamwambia, haya, na mimi nitakuona unavyochoma. Tukakubaliana. Kila mwezi akifika anasema, ‘Nimekata kingine, Mama.’ Wewe ulikuwa unakuja na chai tukishamaliza kuongea.”

Nilisimama pale. Miezi yote hii nimemweleza kila nesi habari za kifungo, na kifungo hakikuwa kitu. Nilichokuwa nakiona kutoka jikoni ndicho nilichokipokeza.

“Na yuko wapi?” Mama akauliza.

“Amehamishwa. Tangu Januari. Hakuwa likizo.”

“Najua. Nilikuwa nangoja useme. Njia ya mwongo ni fupi, wewe yako umeitembea nusu mwaka. Nilikuwa nakuonea huruma miguu.” Kisha sauti ikashuka. “Hakuniaga.”

Mkoba akasema Vifungo alipewa barua Ijumaa akatakiwa kuripoti Jumatatu. Hiyo aliisikia kwa wenzake. Yeye mwenyewe hakuwahi kumwona. Mama akatikisa kichwa polepole. Sijui kama alisamehe. Aliliweka tu jambo hilo mahali.

“Na wewe unaondoka lini?” akamuuliza.

“Mkataba wangu unaisha Desemba. Wakiniongezea sijui, wasiponiongezea pia sijui. Nimeomba nirudishiwe mtaa huu, wamekubali mpaka hapo.”

“Utasema?”

“Nitasema, Mama. Na atakayenipokea nitamleta hapa mwenyewe, tukae sote watatu kwanza, umwambie wewe yale unayotaka ayajue. Kama wakinihamisha ghafla nitakuja hata jioni kukuaga.”

“Usiahidi mengi. Ahadi ni deni, na wewe begi lako limeshajaa.”

Akainamisha kichwa upande, anasikiliza sauti zake. Tulimngoja. Mkoba hakuangalia saa. Mwishowe Mama akachukua kopo, akachagua kifungo kimoja, akatunga uzi. Mikono ilitetemeka, uzi ulikataa, akailamba ncha, ukakataa tena, ukaingia. Akaninyooshea kidole nisogee. Akaanza na blauzi yangu niliyovaa, cha juu kabisa, akashona nikiwa nimesimama, pini akaibana mdomoni. Mkoba alikuwa anatazama mikono na Mama alijua.

“Umeona?” akamwambia.

“Nimeona. Inatetemeka sana.”

“Basi usiandike kwamba sijambo.”

Akampa bega. Mkoba amesema dawa itachukua wiki kadhaa kushika, tusitegemee muujiza, na daktari amempa mwezi huu na ujao kabla ya kuzungumza tena habari za gari. Nimeuliza kama jalada limefunguliwa. Amesema alikuwa hajalifunga.

Sasa jambo lako. Mchana Mama aliniomba barua yako ya Juni. Aliishika kwenye mwanga wa dirisha, akaigeuza kama ile fulana. Akasema, “Huyu ameandika kwa mkono wa kushoto. Herufi zinaegemea upande usio wake.” Mimi niliisoma mara kadhaa na sikuliona hilo. Akasema wino umeburuzwa kama wa mtu aliyefuta kwa kiganja cha mkono aliokuwa anaandikia. Kisha akaniamuru niandike, na haya ni maneno yake, sijaongeza:

“Mwambie baridi haimhamishi mtu mkono wa kuandikia. Aseme wa kulia una nini. Na aseme anakuja au haji. Kama haji, aseme haji, nitalia nimalize. Asiniletee likizo.”

Na kuanzia sasa andika karatasi moja tu. Nitakayoisoma mimi ndiyo atakayoisikia yeye.

Mimi mwenyewe, kwa kuwa leo tunasema: sijambo siyo jibu sahihi. Nimechoka mpaka sijui nimechoka. Jioni nilikaa naye, tukarudisha vifungo vya koti lako, anashona, namkatia uzi. Hakuimaliza safu. Alisema vilivyobaki ni vya kesho, akaifunika cherehani kwa kitambaa chake, akajinyoosha bila kuvua viatu. Nimemvua mimi.

Amelala saa kumi na mbili na robo, nje bado kukiwa na mwanga.

Mdogo wako